Hitimisho la Makala ya Kaka Yangu

Barua kutoka Nairobi ilifika shuleni alikofundisha kaka yangu, yeye akiwa ameshazikwa. Mwalimu mkuu aliniletea dukani kwangu, akaiweka juu ya vitambaa, akasema pole tena, akaondoka. Mhariri wa jarida la chuo kikuu, jarida la mambo ya uandishi na namna ya kuufundisha, alikuwa anamwandikia mtu anayemdhani yu hai. Walioisoma makala yake wameipenda, alisema, lakini imekatika ghafla. Aongeze hitimisho, airudishe ikiwa imepigwa chapa. Bila hitimisho hawataweza kuitoa.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini makala ile niliijua. Kaka alikuwa akiipitia kwa sauti baada ya swala ya alasiri, nami nikikunja vitambaa. Ilihusu insha za wanafunzi wake. Ukiwaambia waandike juu ya siku ya michezo, wanaanza na mvua: imenyesha wapi, malisho yakoje, ngamia wana hali gani, watu wana amani. Michezo inakuja ukurasa wa pili. Wasahihishaji huandika kwa wino mwekundu, "Nje ya mada." Kaka alisema mtoto hajapotea njia. Kwetu mtu akitoka mbali huulizwa habari, na habari zina mpangilio wake. Anayeruka mvua na mifugo akaenda moja kwa moja kwenye jambo lake, ama hana adabu ama ameleta msiba.

Hitimisho alilianza kwa mdomo jioni moja. Alisema mwalimu asimkataze mtoto mvua yake, ila amwonyeshe kile anachongoja msomaji wa mbali. Hapo akakatiza, akasema kichwa kinamuuma. Homa ile ndiyo iliyomchukua.

Nilipeleka karatasi zake kwa mpiga chapa, mama mmoja wa Kitui aliyeweka mashine yake barazani karibu na soko. Alisoma barua, akaingiza karatasi mpya.

"Haya dada, sema nipige."

"Niseme nini? Hakumaliza."

"Si unasema unaijua yote? Tunga kama yeye. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi kaeni wewe na Mungu wako mtazame karatasi tupu. Mimi nina wateja."

Nilirudi nazo nyumbani. Kilichonitisha ni kwamba ningeweza kutunga. Sentensi chache zenye uzito, na watu wangemsifu kaka kwa maneno yangu. Nisipotunga, kazi yake ingebaki sandukuni kwangu. Hakuacha mtoto. Alichoacha ni hicho.

Siku hizo abti, mjomba wetu, akaja kutoka Kotile kuuza mbuzi. Kaka alipofariki yeye alikuwa mbali malishoni, hakuwahi mazishi. Kwa desturi yetu anayechelewa naye hupewa habari nzima, kana kwamba ndiye wa kwanza kuisikia. Nilimtilia chai.

"Abti, warran," akaniambia, yaani nipe habari. Mjomba na mpwa huitana abti, kila mmoja kwa mwenzake.

Nikaanza na mvua, nikapita kwenye mifugo, nikafika kwa kaka. Nilimwambia niliyoyaona kwa macho yangu. Kisha niliyoambiwa na muuguzi, maana roho ilipotoka mimi nilikuwa nje nachota maji. Kisha nikasema sijui kama aliumia mwishoni, wala kama alimtaja mtu.

Nilipomaliza, abti akaweka kikombe chini. "Umenipa habari," akasema. "Njiani kila mtu alinipa maneno ya mwisho ya kaka yako. Hata mawili hayafanani."

Asubuhi nilirudi kwa mpiga chapa, nikasema na yeye akapiga: Aliyoandika mwandishi yanaishia hapa. Haya yafuatayo nilimsikia akiyasema. Mengine aliyokusudia siyajui, na mwenyewe amefariki. Ni mimi, dada yake.

Mashine ikanyamaza. "Maprofesa watakucheka, dada."

"Wacheke."

"Haya." Akaipitia tena taratibu, akafuta kosa moja ambalo mimi sikuliona.

Jibu lilikawia. Lilipokuja, mhariri aliomba radhi kwa barua ya kwanza. Makala itatoka kwa jina la kaka, ilivyo, na maneno yangu yatawekwa chini ya mstari, bila kuguswa. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi juu ya robota la vitambaa, na nikasikia njaa. Tangu mazishi nilikuwa nakula kwa sababu chakula kimewekwa mbele yangu. Siku hiyo nilifunga duka nikaenda kutafuta nyama.

Nilimkuta abti sokoni, ameshika mbuzi pembe.

"Abti, wamekubali, makala—"

Akainua mkono wa pili. "Kwani kuna msiba? Mvua imenyesha?"

Nikaanza upya.

"Mvua haijanyesha, abti," nikasema, na kicheko kikinitoka. "Lakini mto umejaa kwa mvua ya mbali."