Mizigo Kwenye Mashimo ya Shaba

Miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, mume wangu alipopata likizo kazini, nilimwomba anipeleke kuona mashimo ya zamani ambako mababu zangu walichimba na kuyeyusha shaba. Yeye ni mtu wa Kasai, hakuwa na babu pale, lakini alikubali. Tulitoka Kapata, kambi ya wafanyakazi tulikoishi, alfajiri kwa baiskeli, mimi nikiwa nyuma na chakula chetu. Nilitaka pia kununua msalaba wa shaba, fedha ya wazee wetu, wa aina ile waliyomtolea bibi yangu mahari, niutundike nyumbani.

Tulikuta uzio na mlinzi, mtu mweusi kama sisi. Akataka ruhusa. Mume wangu akaonyesha karatasi ya likizo. Mlinzi akasema hiyo ni ya kupumzika, si ya kuingia. Nikamweleza kwamba wazee wangu ndio waliochimba pale. Akanijibu kwa upole:

"Mama, benye kuingia ni bazungu na benye kubeba bitu byabo."

Gari likasimama, wakashuka Mzungu na mkewe waliokuwa wakizunguka nchi peke yao, bila wachukuzi. Mlinzi akazungumza nao, kisha akatuita. Basi tukaingia: mume wangu na kikapu cha chupa kichwani, mimi na viti viwili vya kukunja. Niliona tanuri za udongo zilizobomoka na kuota majani, lakini kila niliposimama, madamu aliniashiria nisonge.

Kwenye njia ya kutokea, mwanamke wa kijiji alikuwa ametandaza mkeka wa vitu vya kuuza. Kulikuwa na msalaba mmoja tu, mzito, kingo zimelika. Nikaweka viti chini, nikauchukua, nikauliza bei. Madamu akanyoosha mkono. Muuzaji akauondoa mikononi mwangu, akaufuta kwa kitenge pale nilipoushika, akampa yeye.

Madamu akaulipia, akanisimamisha kando ya tanuri iliyokuwa karibu, akanipa ule msalaba niushike, mumewe akanipiga picha. Kisha madamu akauchukua tena. Sijui huko Ulaya waliwaambia wageni wao mimi ni nani.

Tulipofika mtoni, mume wangu akasimamisha baiskeli.

"Tulikuya kutembea," akasema. "Tumetumika."

Majirani walipouliza tumeleta nini, niliwaambia tulikuta pamefungwa. Siku zilizobaki za likizo, mume wangu alizimaliza akikandika ukuta wa jikoni, na hakutaka tena kusikia habari ya safari.