Waliomtoa Namba Tano

Nasema mapema, asije mtu akasoma mpaka mwisho akitarajia nitalainika: sijasamehe. Wenzangu waliokuwapo wameshasahau, na wakikumbushwa hucheka. Mimi nakumbuka na sicheki.

Tulikuwa Ibra, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mimi na mume wangu tulizaliwa Tabora. Tulipohamia Oman, nchi ya babu zetu, tulisema "tumerudi", kama walivyosema wote, ingawa hatukuwa tumepata kuiona nchi yenyewe hata kwenye picha. Tulikuta wenzetu wa Unguja na Pemba wametangulia. Vyeo vya ofisini vilikuwa vyao, Kiswahili kizuri kilikuwa chao, na sisi tulikuwa watu wa Bara. Nikisema nyanya, shoga zangu wananirekebisha: tungule. Nikimwita mwanangu aje ndani wananiambia nina sauti ya kuswaga ng'ombe. Nilivumilia, maana ugenini huchagui sana wa kuzungumza naye.

Kilichotukutanisha sote ni mpira. Kulikuwa na timu ya vijana wanaosema Kiswahili, jezi za kijani, na uwanja wao ulikuwa wa kokoto, nyuma ya mashamba ya mitende. Mistari ilichorwa kwa chokaa kila Ijumaa, na upepo ukaifuta kabla ya mapumziko. Mume wangu alicheza namba tano, beki wa kati.

Kazini alikuwa karani wa stoo. Alikuwa mpole mno, mtu wa kusogea pembeni wengine wapite, na wakubwa zake walikuwa wakimwita "wewe". Lakini Ijumaa baada ya alasiri, akishafunga kamba za viatu, alikuwa mtu mwingine kabisa. Alipanga watu kwa sauti, alimkaripia kipa, aliruka vichwa na vijana wa miaka ishirini na kuwashinda. Ile namba tano ndiyo ilikuwa kitu chake pekee katika nchi ile. Mimi mkewe nilijua hivyo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana aliyeigusa alinigusa mimi.

Kila Alhamisi, baada ya mazoezi, wakubwa wa mashabiki walikuja kubarizi kwetu. Ua wetu ulikuwa mpana, na sioni haya kusema kwamba walifuata pia mikono yangu. Nilijifunza kachori na mkate wa kumimina kutoka kwa wake zao, nikawapita. Waume wakila kwangu walisahau kwao. Timu ilikuwa na mwalimu wake, kijana mtaratibu, lakini yeye alikuwa akikaa mwisho wa mkeka kungoja wakubwa wamalize kubishana ndipo ajue kikosi chake cha kesho.

Mkubwa wao alikuwa bwana mmoja wa Unguja, mkuu wa idara serikalini, mwenye miwani na kofia iliyosimama vizuri. Sijapata kumwona akipiga mpira, hata ule wa watoto uliomfikia miguuni. Alikuwa na desturi ya kuvikusanya vikombe vyangu vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, na kuvipanga juu ya mkeka kama wachezaji: kipa huku, mabeki hapa, mawinga pembeni. Akisha kuvipanga ndipo mabishano yanaanza. Huyu anavisogeza mbele, yule anavirudisha, mtu anamtetea winga wa kushoto kana kwamba ni mwanawe wa kumzaa, mwingine anaapa kwamba winga huyo ana mguu mmoja tu, ule mwingine wa kusimamia. Bwana yule akisema "sisi zamani, Unguja" wote wananyamaza.

Mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya dirisha la matundu. Nilisikia kila neno. Wanaume hudhani mwanamke anayekaanga hasikii.

Mwaka ule akaja mpwa wa yule bwana kutoka Kuwait. Kijana mzuri wa sura, nywele amezichana kwa mafuta, viatu vya mpira vyeupe. Namba yake? Tano. Nilianza kuunguza kachori tangu siku niliyosikia.

Alhamisi yenyewe haikuchukua muda.

"Yakhe, mpira wa siku hizi si wa kubutua," alisema mmoja wao, mwalimu wa skuli. "Beki anautuliza, anatazama, anatoa pasi."

"Huyu wetu akiupata anaupeleka mji wa pili, Bidiya!" akadakia mwingine, wakaangua kicheko.

Huyo "wetu" alikuwa hapo hapo, amesimama na dele la kahawa, anawamiminia. Alitabasamu. Nilimwona kwenye matundu, nikatamani atabasamu kidogo zaidi ya hapo nimchape na mwiko.

"Mpwa wangu kacheza Kuwait," alisema yule bwana. "Hata yeye mwenyewe mwenye nyumba anajua. Si unajua, bwana'angu?"

"Ninyi ndio mnaotazama kwa nje," mume wangu akasema. "Mnaona vizuri zaidi."

Yule bwana akakinyanyua kikombe cha katikati, akakitua nje ya mkeka, juu ya sakafu. "Khalas," akasema. "Huyu barra."

Siku hizo Kiarabu changu kilikuwa cha sala na cha kununulia vitunguu. Wao walikuwa wanajizoeza kukichomeka kila mahali, waonekane wenyeji. Mimi nilisikia "Bara". Nikasikia: huyu ni mtu wa Bara, hafai. Miaka yote ya tungule na ng'ombe ikanipanda kichwani pamoja. Nilitoka jikoni na mwiko unaochuruzika mafuta.

"Bara, ndiyo!" nikawaambia. "Bara kuna aibu gani? Hizo kachori mnazotafuna kakaanga mtu wa Bara! Kahawa mnamiminiwa na mtu wa Bara! Na magoli yote ambayo hamkufungwa mwaka huu kayazuia mtu wa Bara!"

Mmoja akacheka puani, na wa pili, na ua mzima ukacheka. Mwalimu wa skuli alilala kabisa kwenye mto.

"Bi mkubwa," akasema yule bwana, anafuta machozi chini ya miwani, "mimi sikusema Bara. Nimesema barra. Kiarabu. Maana yake nje. Kwenu sikukutaja hata kidogo, wallahi. Namtoa kwenye timu tu."

Namtoa kwenye timu tu! Alinituliza kwa tusi ambalo hakulitoa, akanipa lile alilolitoa, na akataka nishukuru. Mume wangu alinishika bega akanirudisha jikoni polepole, kama mtu anayemtoa kuku sebuleni.

Baada ya wiki moja mji mzima uliokuwa ukisema Kiswahili uliniita Bi Barra. Sokoni wanawake waliizungusha ile r mpaka ndimi zikachoka. Yule bwana aliihadithia harusini, akaiga na sauti yangu. Na Ijumaa mume wangu aliamka, akapiga viatu vyake rangi kama kawaida, akaenda akakaa pembeni mwa uwanja na ndoo ya maji. Kijana wa viatu vyeupe alikuja kunywa, akamwachia kikombe mkononi bila kumtazama.

"Ndivyo mpira ulivyo, mama watoto," aliniambia jioni. "Hata mimi kuna mtu nilimtoa nilipoingia."

"Huyo mtu mkewe alikuwa nani?"

"Sijui."

"Basi wewe ulipata bahati. Hawa hawakupata."

Kuwanyima kahawa sikuweza, mgeni ni mgeni. Lakini kwenye kila sinia palikuwa na kachori moja ya yule bwana, juu kabisa, kubwa, nimeijaza pilipili pamoja na mbegu zake. Alikuwa mlafi, alichukua ya juu kila wiki, na kila wiki alikohoa akasema leo kahawa kali. Hilo lilinipoza kwa saa moja au mbili. Halikutosha. Nilitaka aumie mbele ya watu, na aumie kwa mpira.

Nilikuwa na kaka yangu kule Sur, mji wa pwani, fundi umeme, naye ni mgonjwa wa mpira kuliko hao wote. Timu yao huko ilizoea kuja Ibra siku ya tatu ya Sikukuu Kubwa, mechi ya kirafiki, na kwa sababu ni ya kirafiki kila upande ulichezesha uliyemtaka, mgeni, shemeji, mpita njia. Nikamtumia kaka salamu kwa dereva wa pikapu aliyekuwa akileta samaki. Nilimwambia dereva aseme hivi na asiongeze neno: dada yako anauliza, beki wenu wa kati yukoje? Jibu likarudi na samaki wengine: goti limemwisha.

Kumshawishi mume wangu ndiyo ilikuwa kazi.

"Watu watasema nini?"

"Kwani sasa wamenyamaza?"

"Ni wenzetu wale."

"Walikuweka kwenye sakafu," nikamwambia, "tena kwa kikombe changu."

Siku mbili alikwenda stoo na kurudi. Siku ya tatu nilimkuta ua wa nyuma anapiga mpira ukutani, peke yake, mguu kwa mguu, na anahesabu kwa Kinyamwezi kama alivyofundishwa utotoni. Nikajua anataka kucheza kiasi kwamba hajali tena ni kwa jezi gani.

Siku ile ya tatu ya Sikukuu watu walikuwa wameshiba nyama. Pikapu zilipangwa kuzunguka uwanja, wanawake tukakaa nyuma ya mojawapo. Timu ya Sur iliposhuka, jezi za buluu, na mume wangu kati yao amevaa tano, nilisikia kimya kikitembea kutoka kwa mashabiki wa mwanzo mpaka wa mwisho. Nilikinywa kile kimya. Sijapata kunywa kitu kitamu kama kile.

Kila mpira uliokuja alikuwapo. Kwa kichwa, kwa kifua, kwa paja, na ndiyo, akibutua, mpaka Bidiya kweli, na kila akibutua mimi nilipiga kigelegele. Wanawake wenzangu walinivuta buibui. Kijana wa Kuwait alituliza, akatazama, akatoa pasi, na Sur wakaichukua ile pasi wakafunga. Kipindi cha pili ikapigwa kona. Mume wangu akapanda mbele, akasimama nyuma ya viatu vyeupe, mpira ulipokuja akaruka juu ya zile nywele za mafuta akauweka wavuni kwa kichwa. Kijana akaanguka kwenye kokoto, akainuka na goti jekundu.

Mimi sikumtazama mume wangu wakati huo. Nilimtazama yule bwana. Alikuwa amesimama juu ya pikapu, na mashabiki wake wamemgeukia.

"Hivi nani alimtoa yule?" mwalimu wa skuli akauliza kwa sauti.

"Si tulikubaliana sote?" yule bwana akasema.

"Sote nani? Mimi nilisema anabutua. Sikusema atolewe!"

Wakagombana mpaka magharibi. Kofia ya yule bwana ilipinda na hakuna aliyemwambia.

Ningeweza kuishia hapo na ningekuwa mwanamke mwenye furaha. Lakini Alhamisi iliyofuata, alasiri, yule bwana alibisha hodi kwetu, peke yake. Hakuna aliyekuwa amekuja tangu Sikukuu. Akakaa mkekani, akauliza hali, akasifu mvua tuliyoipata mwezi uliopita, akasema mpwa wake anarudi Kuwait. Kisha: "Namba tano iko wazi."

Nilisimama nyuma ya pazia la mlango, sinia la kahawa mikononi. "Mwambie mgeni," nikamwambia mume wangu, kwa sauti ya kuswaga ng'ombe ili mgeni asikie, "namba iliondolewa mbele ya watu. Awaite wale wale, hapa hapa, aseme mbele yao kwamba alikosea. Akishasema, mume wangu atacheza. Asiposema, Sur wanamtaka."

Ilikuwa kweli. Kaka alikuwa amekwisha kumtafutia na kazi huko.

"Bi mkubwa," yule bwana akasema kwa pazia, "mambo ya mpira hayaombwi radhi. Tukianza kuombana radhi hatutapata kikosi."

"Basi hamtapata."

Mume wangu alikuwa katikati yetu, amekaa, mikono juu ya magoti. Nilijua ninachokishika. Kama angengoja wiki moja tu, yule bwana angekuja na wenzake wote, angesema, ningesikia kwa masikio yangu. Nilimwomba kwa macho, kupitia upenyo wa pazia: wiki moja.

Akainuka. Akaja mlangoni, akalichukua sinia mikononi mwangu, akalipeleka mwenyewe. Akapiga goti moja, akammiminia yule bwana.

Yule bwana akanywa. "Kesho, baada ya alasiri," akasema. "Usichelewe."

"Naam, ami," mume wangu akajibu.

Ami! Yule hakuwa ami yake, wala wa mtu yeyote wa kwetu. Lakini uso wake, Mungu wangu, ulikuwa uso wa mtu aliyerudishiwa mtoto. Hakutaka kulipiziwa hata kidogo. Alitaka kucheza Ibra, Ijumaa, na watu wale wale aliowazoea, na wao walikuwa wakimtosha hata wakimweka sakafuni. Kisasi kilikuwa changu peke yangu tangu mwanzo, na hapo sikuwa na mahali pa kukiweka.

Nilikwenda uwanjani ile Ijumaa. Alicheza vizuri. Kila alipoupiga mpira kichwa nilipiga kigelegele, kirefu, mpaka kikasikika mitendeni. Na kila yule bwana alipogeuka kunitazama akitabasamu, akidhani yamekwisha, nilinyamaza.