Mama Matone na Mashapo Aliyoyakosa

Saa moja kasoro robo asubuhi, maabara bado inanuka dawa ya kufutia meza. Mwanamke aliyevaa koti jeupe lililopauka ameshika neli ya kioo yenye maji ya buluu, salfeti ya shaba, na anadondosha amonia. Tone. Anatikisa. Tone jingine.

Maji yanachafuka. Mashapo ya buluu hafifu yanajitokeza, mazito kama uji.

"Hapa ndipo wengi wanapoponzwa na haraka," anasema bila kuinua macho.

Anaongeza matone. Mashapo yanayeyuka yote, neli inabaki na buluu iliyokolea, hata mwandishi wa makala haya anajikuta akisema, "Lo!"

"Na wewe?" anacheka. "Nilidhani ni wanafunzi tu."

Wanafunzi hao ndio waliompa jina la Mama Matone. Ni mhudumu wa maabara ya sekondari hii kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila chupa hupitia mikononi mwake. Ila kemia yenyewe hajawahi kufaulu.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, katika mtihani wake wa vitendo, swali lilikuwa la jaribio hilihili. Kwa woga akamimina amonia yote kwa mkupuo. Mashapo yakayeyuka kabla hajayaona, naye akaandika: hakuna mashapo. Alama zikaota mbawa, na nafasi ya chuo cha ufundi wa maabara ikaenda nazo.

"Roho iliniuma, mdogo wangu. Si kwamba sikujua. Pupa tu."

Mwalimu wa kemia, aliyefundishwa naye kushika neli alipokuwa mwanafunzi hapa, ndiye aliyemshawishi ajiandikishe tena.

"Alininunia wiki nzima," anasema mwalimu. "Halafu akaja kuniomba fomu, kana kwamba wazo ni lake."

Mtihani ni Jumatatu. Kwa kuwa yeye ni mtahiniwa, amekabidhi funguo kwa mhudumu wa shule jirani.

"Mtu mwingine apange chupa zangu! Wacha tu."

Akifaulu, atakwenda chuo kilekile. Akifeli, anasema, hatajaribu tena. Aibu mbele ya watoto itamtosha.

Kengele inalia. Anasuuza neli, anaipachika kichwa chini kwenye kishikio.

"Jumatatu swali hilo likija tena, nitadondosha tone moja, niweke chupa chini, nishike kalamu. Mashapo nimeyaona kila muhula. Safari hii nitayaandika."