Kitambaa cha Maji Juu ya Chuma

Dereva yeyote wa lori anajua kwamba injini iliyochemka haimwagiwi maji baridi. Husimama kando ya barabara, huketi juu ya jiwe, husubiri. Shemeji yake mama mdogo alikuwa dereva wa lori. Alikuwa akipanda na kushuka barabara ya Ruhengeri kabla mimi sijajua kusoma. Basi asije mtu akaniambia kwamba hakujua.

Naanza hapo kwa sababu kila nikijaribu kuanza kwingine, hasira hunirudisha hapo hapo.

Nilikuwa nimerudi Gisenyi kutoka shule ya Usumbura, nina diploma na sina kazi. Nilikaa kwa mama mdogo, ambaye mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Marehemu alimwachia nyumba yenye dari ya matete na jiko la chuma la kuni, alilolinunua kwa Mbelgiji mmoja mkulima wa kahawa aliyekuwa akirudi kwao. Kwa jiko lile mama mdogo alioka mikate, na asubuhi hoteli moja ya ufukoni ilituma mtu kuichukua. Mikate ile ndiyo iliyomweka nyumbani kwake. Maana shemeji, kaka wa marehemu, alishasema mbele ya wazee wa msikiti kwamba mjane asiye na kitu cha kumlisha haachwi peke yake. Atamchukua, awe mke wake wa tatu. Mzee mmoja akamjibu, "Asiye na kitu, sawa. Lakini wanaume ndio hutafuta jiko. Huyu jiko analo tayari."

Wazee walicheka. Shemeji pia alicheka, lakini tangu siku ile akawa anakuja kulitazama jiko.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa amenipa kipimajoto cha mviringo chenye mshale. Nilikifunga kwa waya kwenye bomba la moshi, nikamweleza mama mdogo: mshale ukilala chini, moto ni mvivu na masizi yatajaa bombani, ukiingia kwenye rangi nyekundu, masizi yale yanaweza kushika moto, na juu yake kuna matete. Mkate unaiva pale katikati. Ukipanda mno, funga kile kimlango cha hewa, kisha subiri.

Alielewa upesi. Tatizo lilikuwa jina. Mtaani kwetu watu walijua kipimo kimoja tu cha joto, kile cha zahanati kinachowekwa kwapani. Kwa hiyo jiko letu likawa linapimwa homa. Majirani waliingia wakiuliza, "Mugonjwa ameamuka namna gani?"

"Iko na homa kidogo tu," mama mdogo aliwajibu, na wote wakacheka.

Mimi neno lile lilininyima raha. Niliwaza kwamba ukishamwita mtu mgonjwa, yuko atakayemletea dawa. Nilimwambia mama mdogo tuseme joto, si homa. Akanipiga begani kwa taulo: "Mwanangu, we unawaza mupaka chumvi inaoza."

Asubuhi moja nilikwenda kwenye ofisi za serikali kuuliza kazi, kama kawaida, na kama kawaida nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Nilipokwisha kuondoka, shemeji alikuja nyumbani. Yaliyotokea nilisimuliwa na mama mdogo mwenyewe. Shemeji aliketi jikoni, akasukuma ndani kuni za mkaratusi mkavu, moja baada ya nyingine, akisema moto ule ulikuwa wa watoto. Mshale ukapanda. Mama mdogo akataka kufunga kimlango cha hewa. Shemeji alikuwa amekiegemezea goti.

"Shemeji, sogea. Homa imepanda."

"Imefika kwenye nyekundu?"

"Imefika."

"Bon. We umelea watoto wa watu, hauyui homa inapozwa namna gani? Weka kitambaa ya mayi!"

Akachovya gunia kwenye ndoo kwa mkono wake, akampa. Moshi ulikuwa umeanza kuyagusa matete, na mama mdogo alikuwa na hofu. Akalitandika juu ya chuma. Jiko likalia mara moja, kama mfupa unaovunjika.

Nilipofika, mvuke ulikuwa bado unanuka. Ufa ulianzia kwenye tundu la sufuria ukaenda hadi ukingoni. Shemeji alikuwa anakunywa chai.

"Mzee, wewe ni dereva," nilimwambia. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, nikaichukia.

"Na we ni munganga ya majiko. Mugonjwa yako amekufa, unauliza dereva?" Akainuka, akajifuta masharubu. "Ilikuwa utani tu. Mashemeji wanatania. Mama, kunja mikeka yako, Jumamosi nitaleta wapagazi."

Utani! Nililigeuza neno lile siku nzima. Labda alisahau. Labda hakulifananisha jiko na injini. Lakini aliuliza kwanza kama mshale umefika kwenye nyekundu. Mtu anayetania haulizi hivyo.

Mama mdogo hakulia. Alichanganya majivu, chumvi na udongo wa mfinyanzi, akaukandika ufa. Tuliwasha moto mdogo, tukausubiri. Udongo ulipasuka. Tukakandika tena, safari hii mwembamba, na ukashika. Mshale haukufika tena pale ulipozoea kufika, na mikate ilikaa ndani muda mrefu mpaka ikawa na ukoko mnene. Mtu wa hoteli aligeuza mmoja, akaugonga kwa kidole, akausikiliza. Kisha akaibeba yote.

Jumamosi shemeji alikuja na wapagazi wawili aliowachukua kwenye kizuizi cha mpaka wa Goma. Majirani walikuwa wamejaa uani, na harufu ya mkate ilikuwa imejaa nyumba nzima. Mama mdogo alitoka jikoni na kitambaa kinachochuruzika.

"Shemeji, karibu. Ngoja nikuone. Aa, uso imewaka! Iko na homa."

Akambandika kitambaa kwenye paji la uso. Maji yakamshukia kwenye kanzu.

"We mwanamuke!"

"Utani, shemeji. Mashemeji wanatania."

Hakuweza kukasirika mbele ya watu kwa neno lake mwenyewe. Mpagazi mmoja akauliza, "Sasa patron, tunabeba nini?"

"Mubebe yeye," mama mdogo akasema. "Mutu wa homa hatembei."

Ua wote ukapasuka kwa kicheko. Shemeji akaondoka akijifuta, wapagazi wakimfuata mikono mitupu. Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kuni ya mkaratusi mkononi, na sikumbuki niliiokota lini, wala nilikusudia kuifanyia nini. Mama mdogo aliichukua taratibu, akaupima mshale kwa macho, akaitia motoni.