Siku nilizima machine ya Katembo

Nitabaelezea, mais mutu akicheka sana nitaacha pale pale, juu hii haya ingali inaniwasha mpaka leo, na si haya ya kuanguka mu matope ya Butembo mbele ya batu (ile nilishazoea), ni haya ya kubomoa nyumba ya mudogo wangu na bidole byangu mwenyewe.

Katembo, mudogo wangu, alikuwa amekufa. Aligonjwa wakati murefu, tukamuzika, ikafika siku ya kutosha kilio, kumaliza matanga. Sasa mujue hivi: tangu tulimuzika, mu jamaa yetu midomo ilikuwa haifungi juu ya bibi yake, Kahindo. Kahindo ni mutoto wa Beni, na batante betu, bashangazi, balikuwa banasema ati atakusanya bintu byote bya mudogo wetu na kurudia nabyo kwabo. Eye alisema tu: "Kilio tutakitosha huku kwangu, mu nyumba ya bwana yangu, batu bote bakuye baone." Njo kusema alitaka yale maneno yaishe, abakie mu nyumba yake na batoto bake kwa amani. Ata bakaka zake balipanda toka Beni, na ile njia ya hatari namna munaijua, kusudi na bo bashuhudie.

Na Kahindo alikuwa ameona kitu mu ordinateur (kompyuta) ya Katembo: video, alijirekodi mwenyewe mbele ya kufa, anasalimia jamaa. Mama yetu, mama Kavira, alishuka toka Masereka juu ya ile tu, asikie sauti ya mutoto wake mara moja tena. Donc asubui Kahindo akaunga machine na televizyo kubwa ya jirani, akafungua video, akaiacha tayari, akaniambia mi, mukubwa wa bwana yake:

— Yaya, saa ikifika utafinya hapa tu. Hapana uzime, hapana uguse kingine.

Hapana uguse! Mimi! Mimi mwenye quartier muzima inaniita Ingénieur (siku moja nilipiga radio ya jirani kofi, ikasema, na tangu pale jina likabakia). Nikaona ananizarau. Aliporudia jikoni kuangalia sombe, nikakaa mbele ya machine, nikasema na mi niweke kitu yangu, niandike "Karibuni bandugu" na maherufi makubwa mbele ya video. Kidole kimoja kikafinya Maj, ile ya maherufi makubwa, kingine kikateleza ku Alt, na kuanzia pale ile machine ikawa kichwa ngumu: nafinya A, inaandika Q, nafinya M, inatosha kaalama sikajue. Mutu wa akili angemuita Kahindo. Mi nikafanya kile baingénieur ba aina yangu banafanyaka: nikazima, nikawasha.

Ikaomba mot de passe, neno ya siri.

Nilikuwa naijua, Kahindo mwenyewe aliniambiaka: ni jina ya mama yetu, kavira, herufi zote kidogo. Na saa hiyo batu balikuwa banatoka misa, bâche tuliyotandika inje juu ya kivuli ikajaa, batante mbele na bikwembe bya kilio, bakaka ba Kahindo na mavesti yabo, mama ku kiti karibu na televizyo. Nikaandika. Hapo unaona bitone tu, huone unaandika nini. Ikakataa, na maneno ya kukataa yakaandikwa ku ile televizyo kubwa mbele ya batu bote. Nikaandika tena, pole pole, kidole kimoja kimoja sawa kuku anakula muchele. Ikakataa.

— Ingénieur, vipi? mutu mumoja akasema huko nyuma, na bengine bakaguna.

Mama akauliza tante wa pembeni:

— Katembo atasema saa ngapi?

Bandugu, pale njo ningesema: "Mi njo niligusa." Ingekuwa imeisha. Mais haya ikanishinda, na yale maneno ya batante yakaamuka mu kichwa, na mudomo ukafunguka wenyewe:

— Kahindo! Umebadilisha mot de passe! Unaficha nini?

Tante mukubwa akapiga mikono: "Si tulisema!" Kaka mukubwa wa Kahindo akasimama:

— Shemeki, unasema nini juu ya dada yetu?

Mi badala ya kunyamaza nikaongeza (mudomo ukishaanza kutelemuka hauna frein ya kuusimamisha):

— Asubui ilikuwa wazi. Sasa imefungwa. Mwizi ni mutu wa ndani.

Eh, Mungu wangu! Nilisema vile, na mama yangu anasikia.

Kahindo akatoka jikoni, mikono iko na unga. Akaipanguza ku kikwembe. Hakuniangalia. Akainama, akaangalia chini ku kakona ya écran, kulikuwa kaneno kadogo, ENG (kidole changu kilikuwa kimegeuza herufi kuwa za Kiingereza), mi sikukaona ata siku moja. Akafinya Alt na Maj pamoja, kaneno kakageuka FRA, akaandika jina ya mama mara moja tu. Ikafunguka.

— Ulizima, akasema. Nilikuambia hapana uzime.

Na akafinya video. Katembo akatokea, amekonda, mais na kicheko yake ile ile.

— Mama, wasingya, asante juu ya yote. Hapana ulie sana. Na weye yaya, Ingénieur, hii machine ikifika mu mikono yako najua utaizima tu.

Batu bakacheka! Mu kilio! Ata mama akacheka na machozi. Kiisha Katembo akaendelea:

— Mumuachie Kahindo. Eye njo alinibeba. Mwenye kumusumbua ananisumbua mimi.

Kicheko ikakatika. Batu bote bakageuka kuniangalia, na ata ile tante ya "si tulisema" akaniangalia vibaya (eye!). Nilitaka udongo upasuke unimeze.

Kiisha bakaanza kugawa chakula, nikateleza pembeni ya ukuta, nikaingia jikoni. Nikamuambia Kahindo pole pole:

— Shemeki, unisamehe. Shetani aliniingia.

Akaendelea kukoroga bugali. Kiisha akasema:

— Kuniita mwizi, uliniita mbele ya batu bote. Kuomba samahani, unakuya jikoni?

Nilipaswa kutoka, kusimama mbele ya mama, ya batante, ya bakaka ba Beni, na kusema yale maneno mawili. Nilifika ku mulango, nikaona namna batu banakula banasemezana, nikageuka.

Kiisha ile kilio Kahindo alienda kwabo Beni na batoto bote, na nyumba ya Katembo imefungwa na kufuli. Bintu byake hakubeba. Machine aliituma kwangu na maneno haya: "Mupe yaya, asiseme niliiiba." Iko ku meza yangu. Mama ananipigiaka toka Masereka anauliza neno moja tu: batoto ba Katembo batarudia lini?

Siku hizi mbele ya kuandika kitu naangalia kwanza ile kakona, FRA, muzuri. Na niliapa: neno lenye nilisemea mbele ya batu, nitaliomba samahani mbele ya batu. Mais ile siku bâche ilikuwa ingali imetandikwa, batu bote bangali bamekaa, na mi nilibakia jikoni.