Kituo cha Tatu, Hatua Mia Mbili Juu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mratibu wa Mito alinikabidhi wavu, trei nyeupe na gambuti zilizonizidi saizi mbili. Ofisi yetu ya shirika la kutunza mito ilikuwa Thika. Alinipeleka majini akanionyesha kazi: unashika wavu, unakoroga mawe kwa mguu, na wadudu wanaoishi chini ya mawe wanasombwa hadi wavuni. Ukishawamwaga kwenye trei, unawatambua mmoja mmoja. Wapo wasiovumilia uchafu hata kidogo, na wapo minyoo wekundu wanaonenepa palipooza. Kila aina ina alama yake, na jumla ya alama hukuambia hali ya mto.

"Wadudu hawadanganyi," aliniambia. "Chunga tu usiwafundishe."

Nilicheka. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni, mtu wa kurudi kuhakikisha kama nimefunga mlango, kwa hiyo kazi ilinifaa. Kila trei niliihesabu mara mbili.

Baadaye nilihamishiwa Ruiru kusimamia vituo vitano. Kituo, kwetu, ni mahali palepale pa mto unaporudi kila mwezi, kwa sababu ukibadilisha mahali huwezi kulinganisha mwezi huu na uliopita. Cha tatu kilikuwa Gatongora, chini kidogo ya bomba linalotoa maji ya kiwanda fulani. Alama zake zilikuwa mbaya siku zote. Chini zaidi ya hapo, mkulima mmoja, Mama Njoki, na wenzake walilima sukuma wiki na nduma, yaani majimbi, za kuuza soko la Kimbo.

"Baba Kamau, maji iko aje?" aliniuliza kila mwezi.

"Bado, Mama Njoki. Osheni mboga na maji ya tangi."

Wakaosha kwa maji ya tangi, ingawa ilikuwa kazi ngumu kuyabeba, nami mboga za nyumbani nikanunua kwao.

Kisha kiwanda kile kikawa mfadhili wetu. Kikatununulia gari, kikabeba mishahara, wangu ukiwemo, kikataka bango lenye nembo yake penye Kituo cha Tatu. Afisa Uhusiano wao alikuja kupiga picha akaona bomba linaingia kila picha. Bango likasimikwa hatua mia mbili juu ya bomba, kabla maji ya kiwanda hayajaingia mtoni, penye kivuli. Mkurugenzi wetu, mama mpole niliyemheshimu, akasema kituo kihamie hapo.

"Basi tukiite Tatu B," nilisema, "ijulikane ni mahali pengine."

"Mzee wangu, ukiandika B, board itauliza A ilienda wapi. Hawa watu wakituacha, wenzako saba wanaenda nyumbani. Wewe umebakisha miaka mingapi ustaafu?"

"Miaka miwili."

"Si umalize tu poa."

Nilimaliza poa. Wadudu wa huko juu walikuwa wazuri kwelikweli, na sikubuni hata mmoja. Hilo nilijiambia kila nilipotia sahihi. Mchoro wa ripoti ulipanda tangu mwezi mfadhili alipoingia, na nakala ikabandikwa hata kwa chifu. Mama Njoki aliisoma hapo.

"Kumbe mto umepona," aliniambia.

"Ripoti imesema hivyo," nilijibu, nikajifanya natafuta kalamu. Wiki hiyo nilimwona ameinama mtoni, anaosha sukuma. Nikapitia ng'ambo ili tusionane.

Siku ya kustaafu tulipigiwa hema. Kina Mama Njoki walileta nduma na sukuma za shamba lao, zawadi yangu. Afisa Uhusiano alisema ameshiba. Mimi nilijaza sahani wali na nyama. Mama Njoki alitazama sahani ya afisa, kisha akatazama yangu.

Nyinyi mnaoianza kazi hii huniuliza kama wafadhili ni wabaya. Sijui. Hakuna aliyeniambia nidanganye, si mfadhili, si Mkurugenzi, na hilo ndilo linalonitia hofu hadi leo. Ningeamriwa, labda ningekataa. Nimeiandikia bodi barua, haijajibiwa, na bango lingali pale.

Asubuhi baada ya ile sherehe ya kustaafu nilikwenda shambani kwa Mama Njoki na madaftari yangu. Nilimweleza yote mbele ya wenzake: bomba, bango, hatua mia mbili. Mmoja aliangusha jembe akaondoka. Mama Njoki alisikiliza hadi mwisho, akifuta matope mikononi kwa leso.

"Miaka mbili watu wanakula," alisema. "Na kwako mnanunuanga mboga wapi?"

"Thika. Sokoni."

"Tangu lini?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, lakini nilimjibu. Tangu wiki bango liliposimikwa.