Kombe la Nasra

Kilichotushtua nyumbani kwetu Chumbageni ni sisimizi.

Wifi yangu Najat aliamka akakuta wamejaa kwenye shuka la binti yake Nasra, pale mtoto alipokojoa. Mtoto wa darasa la pili, kukojoa kitandani alishaacha zamani.

Mama yetu, Bi Saleha, akalitazama lile shuka, akasema mjukuu wangu katupiwa kitu.

Na ukimwangalia, unaamini. Anakula huku anakonda. Anakunywa maji, kiu iko palepale.

Likaandikwa kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, likaoshwa kwa maji ya waridi ayanywe. Mama akatia asali ili mtoto alipende.

"Mama, nipe tena," Nasra akamwambia Najat.

Akapewa. Akaomba tena, akapewa. Nyumba nzima tukafurahi, dawa imekubali.

Kumbe mtoto alikuwa na kiu tu.

Juma halijaisha akaanza kutapika na kuhema kwa nguvu, pumzi inanukia tunda lililoiva kupita kiasi. Najat hakuaga mtu. Akambeba hadi hospitali.

Kipimo kikashindwa kusoma, sukari ilivyopanda. Daktari akasema ni kisukari, na damu imeshajaa tindikali. Najat akabisha, kisukari si cha watu wazima?

Wakampa dripu na insulini. Pumzi ikatulia, Nasra akamuulizia bibi yake. Najat akacheka.

Halafu mtoto akalalamika kichwa kinamuuma. Akalala, hakuamka tena.

Ubongo ulivimba. Daktari alisema huwatokea baadhi ya watoto wanaofika wamezidiwa, hata wakitibiwa vizuri.

Najat hakumlaumu mtu. Ila alikuwa hamtazami mama usoni, na mama alilijua hilo. Iliniuma kuwaona.

Siku ya arobaini, tuko kwenye hitima, Asmahani, binti mdogo wa dada yetu, akakojoa uani. Sisimizi hao wakaja.

Wanawake wakanong'ona kwamba kile kitu kimerudi. Mmoja akasema liandikwe kombe.

Mama akanyanyuka, akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga yake.

"Najat mwanangu," akasema, "nipeleke ulikompeleka Nasra. Safari hii nisichelewe."

Najat akamtazama usoni. Wakatoka pamoja, hitima inaendelea.

Asmahani yu hai. Anachomwa sindano kila siku, na anayemchoma ni Najat.

Jamani, dua someni. Lakini mtoto akiwa na kiu isiyokatika, akarudia kukojoa kitandani, mpimeni sukari siku hiyohiyo. Nasra wetu alikuwa anatuambia kila alipoomba kombe, sisi tukamjazia kikombe.